Kichwa Kinapotangulia Mwili

Kabla hujailaumu simu, pita kwa fundi cherehani. Chagua mkongwe, aliyeanza kazi wakati simu bado ni ya mezani, kisha kaa ubavuni mwake umtazame akipitisha kitambaa chini ya sindano. Sikio lake haliko juu ya bega, limelitangulia. Akisimama kukupima kiuno, kichwa kinabaki palepale mbele. Muulize habari za mwili: atakutajia shingo, kisha bega la mkono unaoongoza kitambaa, kisha kichwa kinachomgonga jioni kuanzia kisogoni. Msusi atakuambia hivyo hivyo, na mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, na mama anayenyonyesha mtoto wa kwanza, na kijana wa kutengeneza simu anayeinamia vipande visivyoonekana vizuri bila lenzi.

Nayataja haya mapema kwa sababu ushauri mwingi kuhusu shingo umegeuka kuwa mahubiri dhidi ya simu. Simu imeongeza idadi ya watu tu. Zamani kuinama saa nyingi kulikuwa sehemu ya ufundi fulani. Sasa ni kwa abiria wa daladala, mlinzi wa getini, mwanafunzi na mwalimu wake. Kinachokivuta kichwa mbele ni kilekile cha tangu zamani: macho. Kichwa hufuata macho, na macho hufuata kazi. Kazi ikiwa chini, ikiwa ndogo, au taa ikiwa hafifu, kichwa kitaiendea hata mwenyewe akijiapiza kukaa wima. Mzazi anayemkaripia mtoto "Kaa wima!" kila jioni anajua jinsi amri hiyo inavyodumu: mpaka mzazi ageuke. Tuanze basi kwa kuelewa kinachotokea, ndipo tufike kwenye meza, mto na mazoezi.

Jipime kwanza. Vua viatu, upe ukuta mgongo, visigino vikiwa umbali wa vidole vichache kutoka ukutani, matako na mabega yakiugusa. Usijilazimishe. Macho yakitazama mbele sawasawa, kisogo kinagusa ukuta? Kikigusa bila taabu, vizuri. Kikibaki hewani, au kikigusa pale tu unapoinua kidevu kuelekea dari, kichwa chako kimezoea kukaa mbele. Njia ya pili, ambayo mimi naiamini zaidi, ni kumwomba mtu wa nyumbani akupige picha ya ubavuni wakati hujui, maana kila mtu hunyooka akijua anatazamwa. Wataalamu wa fiziotherapia huchora mstari kutoka kwenye pingili inayochomoza chini ya shingo, ile ya 7, mpaka kwenye tundu la sikio, wakaangalia unapanda kwa pembe gani. Wengi huhesabu kwamba ikiwa chini ya nyuzi 50 hivi, kichwa kimetangulia. Huna haja ya kupima pembe chumbani kwako. Wala usishtuke ukijikuta humo. Watu wazima wengi wamo, na wengi wao hawaumwi popote.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5.5, na kimekaa juu ya pingili 7. Hata ukisimama vizuri uzito huo umeelemea mbele kidogo. Ndiyo maana abiria anayesinzia amekaa, kidevu humwangukia kifuani. Misuli ya nyuma ya shingo hukishikilia muda wote ulio macho. Ukitaka kuhisi inakabiliana na nini, chukua mfuko wa sembe wa kilo 5, ukumbatie kifuani dakika moja, kisha nyoosha mikono uushike mbele yako kwa dakika nyingine. Uzito ni uleule, umbali ndio umebadilika.

Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa mzigo huo kwa kielelezo cha kompyuta. Shingo ikiinama nyuzi 15, hesabu ilitoa kilo 12 hivi. Nyuzi 30, kilo 18. Nyuzi 45, kilo 22. Na nyuzi 60, mkao wa mtu aliyelaza simu mapajani, kilo 27. Takwimu hizi zimezunguka sana mitandaoni, mara nyingi zikiambatana na mchoro wa mifupa iliyopakwa rangi nyekundu. Zichukue kama zilivyo: ni mahesabu, hazikupimwa kwenye shingo za watu. Shingo ni kiungo hai, na misuli yake hukomaa kwa kazi. Lakini mwelekeo wa takwimu hizo ni wa kweli, na fundi wetu angeweza kuuthibitisha bila kompyuta.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Kuinama ni tendo: unatazama chini, ukimaliza unainuka. Kichwa kutangulia ni mazoea: umesimama kituoni, unatazama mbele, hakuna unachosoma, na bado kichwa kiko mbele ya kifua. Katika hali hiyo ya pili sehemu ya chini ya shingo imelala mbele. Macho yangetazama ardhini, na kwa kuwa mwili unataka kuona njia, pingili za juu kabisa, zilizo chini ya fuvu, hujikunja kwa nyuma ili kuuinua uso. Shingo moja imekunjwa pande mbili. Misuli midogo ya kisogoni inabaki imejikaza asubuhi hadi jioni, na ile ya ndani mbele ya koo, ambayo kazi yake ni kuitegemeza shingo, inakaa bila kazi na kudhoofika. Mwaka 1979 daktari wa Chekoslovakia, Vladimir Janda, alieleza mpangilio huu kama msalaba: misuli ya kifua na ya juu ya mabega imekaza, ya mbele ya shingo na ya katikati ya mgongo imelegea. Mambo si nadhifu hivyo katika kila mwili, ila mchoro wake bado unasaidia kujua mazoezi yaelekee wapi.

Maumivu ya kichwa ndiyo yanayowapeleka wengi kununua vidonge dukani. Huanza kisogoni, mara nyingi upande mmoja, yakapanda juu ya sikio na kutua nyuma ya jicho. Mtu hushangaa shingo inawezaje kuumiza jicho. Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu hukutana, ndani ya shina la ubongo, na mshipa wa fahamu unaohudumia uso. Taarifa zinapochanganyika hapo, ubongo huuhesabia uso maumivu yaliyotoka shingoni. Dalili yake ni kwamba yanazidi unapokaa sana mkao mmoja au ukigeuza shingo, na ukibonyeza kisogo unakuta mahali panapoyaamsha. Kwetu maumivu ya kisogoni hupewa jina moja tu: presha. Hilo ni kosa la pande zote mbili. Wapo wanaomeza dawa ya presha ya jirani kwa ajili ya shingo, na wapo wenye presha ya kweli wanaosubiri kisogo kiume ndipo wapime, ilhali presha nyingi hazina dalili yoyote. Pima kwa mashine. Shingo si kipimo.

Madhara mengine unaweza kuyahisi hapo ulipokaa. Jikunje, kichwa mbele, halafu inua mikono yote juu uone inaishia wapi. Sasa inua kifua, rudisha kichwa, inua tena. Imefika mbali zaidi, sivyo? Mgongo wa juu ukijikunja, bapa la bega huteleza mbele na kuubana mkono kabla haujafika juu. Msusi na mpaka rangi wa nyumba huumwa bega kwa njia hii wakidhani tatizo ni bega lenyewe. Jaribu na pumzi: vuta kwa nguvu ukiwa umejikunja, kisha ukiwa umeinua kifua. Mbavu zilizobanwa hazitanuki vizuri, na pumzi hugeuka fupi ya juu juu, ikiendeshwa na misuli ya shingo ambayo tayari imechoka. Jaribu na taya: sogeza kidevu mbele, gonganisha meno taratibu; kirudishe nyuma, gonganisha tena. Meno hayakutani mahali palepale. Anayeamka na taya zilizochoka, au anayesikia mlio karibu na sikio akitafuna, asiangalie meno peke yake.

Ganzi ya mikono ni jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi. Mishipa ya fahamu inayokwenda mikononi hutokea kwenye matundu yaliyo kati ya pingili. Umri unapoleta vipembe vya mifupa kwenye matundu hayo, kuikunja shingo kwa nyuma huyapunguza zaidi. Ndiyo maana kijana wa miaka 20 anaweza kukaa atakavyo akainuka salama, na mjomba wake wa miaka 55 akihisi vidole viwili vinawaka.

Sasa ya kutiliwa shaka, maana mada hii imevutia chumvi nyingi. Mwaka 2019 vyombo vya habari duniani vilitangaza kwamba vijana wanaota pembe kisogoni kwa sababu ya simu. Chanzo kilikuwa makala ya watafiti wawili wa Australia ya mwaka uliotangulia, waliotazama picha za eksirei na kukuta kibonge cha mfupa nyuma ya fuvu. Matumizi ya simu hawakuyapima kabisa, na jarida lilichapisha masahihisho baadaye. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil waliwachunguza vijana 150 wa miaka 18 hadi 21 wa Rio de Janeiro na hawakukuta uhusiano kati ya namna wanavyoinama kwenye simu na maumivu ya shingo. Australia, vijana zaidi ya 1,000 wa miaka 17 walipigwa picha wakiwa wamekaa; waliojikunja hawakuumwa shingo kuliko walionyooka. Mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba kwa watu wazima uhusiano upo, wenye maumivu ya shingo vichwa vyao viko mbele zaidi, lakini kwa vijana haukuonekana. Na hata kwa watu wazima haijulikani daima kipi kilianza, maana anayeumwa naye hubadilisha mkao.

Kwa nini basi niandike? Kwa sababu kinachojitokeza humo ni kwamba shingo haichoki kwa kuinama, inachoka kwa kukosa kuinuka. Mkao wowote, hata ule mzuri wa kwenye michoro, ukiushika saa tatu unauma. Aliyeambiwa ana shingo mbovu akaanza kutembea amejikaza kwa hofu atapata maumivu ambayo hakuwa nayo. Mwanao akikaa hovyo kwenye kochi dakika kumi, mwache. Akikaa hivyo tangu saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi, mtume dukani.

Wengine husema bibi zetu walikuwa na shingo zilizonyooka kwa sababu ya ndoo. Kuna ukweli humo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vilivyofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo, wanaobeba juu ya kichwa, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko kutembea mikono mitupu, na baadaye maelezo yalipatikana kwenye mwendo wao wa miguu. Mbebaji wa ndoo hawezi kutanguliza kichwa, maji yatammwagikia. Lakini ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya pingili zilezile, kila siku, tangu utotoni, na wanawake wengi waliozeeka nayo wanaumwa shingo. Unaweza kuweka ngata na kitabu chepesi kichwani utembee sebuleni ili ujue kichwa kinatakiwa kukaa wapi. Ndoo yenyewe si dawa.

Basi anza na macho. Ukivuka miaka 40, uwezo wa kuona karibu hupungua kwa kila mtu, na wengi huanza kujongeza shingo kwenye karatasi miaka kadhaa kabla hawajakubali kununua miwani ya kusomea. Pimwa. Mwenye miwani ya lenzi mbili ana shida yake: anasoma kwa kutumia sehemu ya chini ya kioo, hivyo mbele ya kompyuta huinua kidevu na kukibana kisogo. Ashushe kioo cha kompyuta, au atafute miwani ya umbali wa kazi yake. Kwenye simu, ingia kwenye mipangilio uongeze ukubwa wa herufi. Hakuna anayekucheka kwa herufi kubwa. Na ongeza mwanga: taa ndogo iliyoelekezwa kwenye sindano inamrudisha fundi nyuma kuliko karipio lolote.

Kisha inua kazi. Simu iinuliwe mpaka usawa wa kifua cha juu, kiwiko kikiwa kimeegeshwa ubavuni na mkono wa pili ukikitegemeza, la sivyo mkono utachoka na simu itarudi mapajani. Ujumbe mrefu utume kwa sauti. Ukitazama mpira au tamthilia, simamisha simu mezani juu ya vitabu. Kompyuta mpakato iliundwa na tatizo ndani yake: kibodi na kioo vimeshikana, ukikipandisha kimoja umekipandisha na kingine. Ipandishe juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ufikie usawa wa macho au chini yake kidogo, umbali wa mkono ulionyooka, kisha nunua kibodi ya pembeni. Huna kibodi? Ipandishe unaposoma, ishushe unapoandika. Tayari umebadilisha mkao.

Fundi cherehani apandishe meza mpaka iwe juu kidogo ya viwiko, na kama mashine inaruhusu, aweke vibao chini ya miguu ya nyuma ya meza ili ilalie upande wake. Kiti kiwe na egemeo, hata mto uliofungwa kwa kamba. Msusi asikubali mteja akae sakafuni huku yeye akiinama saa tano za rasta. Mteja apande kwenye stuli, msusi akae juu zaidi, na nywele za kisogoni zisukwe yeye amesimama. Mama anayenyonyesha ampandishe mtoto kwa mito mpaka afikie titi, mgongo umeegemea ukuta, badala ya kulishusha titi na shingo pamoja. Najua unataka kumtazama mtoto uso. Mtazame, kisha egemeza kichwa ukutani ufumbe macho, yeye anajua njia. Watoto wa madrasa wana kifaa cha zamani kinachofaa kuliko meza nyingi za shule: marufaa, inayouinua msahafu kutoka sakafuni. Anayesoma akiwa kitandani au kwenye jamvi anaweza kupata hicho hicho kwa kigoda na kibao.

La tatu ni kuinuka, na hapa saa ya simu haisaidii sana. Ikilia mara mbili utaizima. Funga kuinuka kwako na jambo ambalo kazi yenyewe inalileta. Bobini ikiisha uzi, simama uibadilishe umesimama. Wakala wa pesa asimame kwa kila mteja wa tano. Mwalimu akimaliza madaftari kumi ayapeleke upande wa pili wa chumba. Dereva wa masafa akisimama kushusha abiria ashuke naye. Nusu saa katika mkao mmoja inatosha, na sekunde thelathini za kuzungusha mabega na kutazama mbali zinalipa kuliko mazoezi ya saa nzima siku ya Jumapili.

Mazoezi yenyewe ni machache. La msingi ni kurudisha kidevu: kaa, tazama mbele, telezesha kidevu nyuma moja kwa moja mpaka upate mikunjo chini yake, bila kuinamisha wala kuinua uso. Shikilia sekunde tano, achia, rudia mara kumi. Sura yake haipendezi, kwa hiyo fanya ukiwa peke yako. Usiku lala chali bila mto au juu ya taulo jembamba, ukubali kwa kichwa kidogo sana, kama unasema "ndiyo" ambayo hutaki mwingine aione, ushikilie sekunde kumi bila kukinyanyua kichwa. Hilo ndilo linaloiamsha misuli ya ndani ya shingo. Likikutetemesha, ndipo ujue ilikuwa imelala. Kwa mgongo wa juu, funga tyubu ya zamani ya baiskeli kwenye nondo ya dirisha, shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma mpaka mabapa ya mabega yakaribiane, mara kumi hadi kumi na tano, mizunguko miwili au mitatu, siku tatu kwa wiki. Kwa kifua, simama mlangoni, egemeza mikono kwenye fremu viwiko vikiwa usawa wa mabega, sogea mbele taratibu, subiri sekunde thelathini. Mwishowe kunja kanga iwe bunda nene, ilaze kukingama mgongo chini ya mabapa ya mabega, ulalie dakika mbili. Kuvutika ni sawa. Maumivu yanayokimbilia mkononi si sawa. Acha zoezi hilo.

Jipe wiki sita hadi nane kabla hujasema hayafai. Kinachobadilika kwanza ni uchovu wa jioni. Picha ya ubavuni hubadilika baadaye na kidogo, na kwa mtu wa miaka 60 huenda isibadilike kabisa ilhali maumivu yamepungua. Hilo si kushindwa.

Bibi aliyepungua kimo na mgongo wake wa juu kuanza kupinda ni suala jingine. Kichwa chake kimetangulia kwa sababu pingili za mgongoni zimepungua nguvu na huenda zimebonyea. Asinyooshwe kwa nguvu, asilaliwe mgongoni na mjukuu anayemkanda, wala asiwekewe bunda la kanga. Mpelekeni hospitali akapigwe picha ya mifupa.

Kuhusu mto, mmoja unatosha. Anayelala chali anahitaji mto mwembamba, wa kujaza uwazi wa shingo bila kusukuma kichwa mbele. Anayelala ubavu anahitaji mnene wa kujaza nafasi kati ya sikio na bega. Mto wa sufi ni mzuri kwa sababu unaweza kutoa au kuongeza sufi mpaka ufae. Kulala kifudifudi kunailazimisha shingo igeuke upande mmoja usiku kucha. Ukiweza acha, usipoweza angalau badilisha upande.

Na kinyozi. Unajua ile sehemu ya mwisho, baada ya taulo la moto, anapokushika kidevu na kisogo akaizungusha shingo ghafla ikalia "kaa!". Watu huinuka wakiwa wepesi na wanampa bakshishi. Ule mlio ni gesi ndani ya maungio; haujarudisha kitu mahali pake. Hatari ni kwamba mishipa miwili ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo hupita ndani ya matundu ya pingili za shingo, na msokoto wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa, damu ikaganda, ikaleta kiharusi. Si jambo la kila siku, lakini limewapata watu wenye afya, vijana. Mwambie kinyozi wako kwa upole: kaka, kanda mabega utakavyo, shingo usiizungushe.

Dawa za maumivu kama diklofenaki ni za siku chache. Zikiwa za kila siku huchubua tumbo, huelemea figo na hupandisha presha, na mwenye presha au vidonda vya tumbo asizitumie bila kumwuliza daktari. Mikanda ya kuvuta mabega nyuma inayouzwa mitandaoni hufanya kazi ambayo misuli yako ilipaswa kuifanya. Vaa ukipenda kwa muda mfupi kama ukumbusho, usiishi ndani yake. Kola ya shingo ivaliwe kwa agizo la daktari.

Zipo siku ambazo hupaswi kufanya zoezi lolote. Shingo iliyouma baada ya ajali ya bodaboda au kuanguka mwembeni isiguswe mpaka ipigwe picha. Shingo ngumu yenye homa, maumivu makali ya kichwa na macho yasiyotaka mwanga ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, kwani inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Vivyo hivyo maumivu ya kichwa yaliyolipuka ghafla, uso ulioenda upande, au maneno yasiyotoka. Maumivu ya shingo na taya yanayokuja ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika yanaweza kuwa ya moyo. Mikono inayoangusha vitu, vidole vinavyoshindwa kufunga vifungo vya shati, miguu inayoyumba, mkojo unaogoma au kutoroka: uti wenyewe huenda umebanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha kilema. Na maumivu ya usiku yasiyojali umelalaje, pamoja na kukonda, jasho la usiku au homa za jioni, yanataka uchunguzi wa kifua kikuu, kwa sababu ugonjwa huo huingia pia kwenye pingili.

Ukifika kwa mtaalamu wa fiziotherapia usiende na maumivu peke yake. Nenda na picha mbili za simu, moja ya ubavuni ukiwa kazini na nyingine ya kiti, meza na taa yako bila wewe, pamoja na miwani unayotumia na orodha ya dawa unazomeza. Mweleze ni saa ngapi shingo huanza kuuma na ulikuwa unafanya nini saa mbili kabla yake. Akikulaza tu juu ya kitanda, akakuwekea joto na kukuruhusu bila kukuuliza unafanya kazi gani, muulize wewe.